Milango Ambayo Hakuiomba

Siku hiyo duka la vifaa vya ujenzi lilijaa watu kama siafu. Fundi seremala alikuwa amebeba ubao mrefu begani, anapita kati ya magunia ya saruji na makopo ya rangi, akisema "pisha, pisha" bila kuangalia chini. Alipoangalia, roho ilimruka. Mwanamke alikuwa amepiga magoti sakafuni, karibu kabisa na buti lake. Fundi alijirudisha nyuma, ubao ukazunguka, ncha yake ikagonga makopo, na makopo yakaporomoka kwa kishindo kilichofanya duka zima ligeuke.

Mwanamke peke yake ndiye hakushtuka. Alivaa gauni la kijani kibichi na kilemba cha rangi hiyohiyo, mavazi ya mtu anayekwenda kwenye sherehe, si ya kupiga magoti kwenye vumbi la saruji. Tepu ya kupimia ilimning'inia shingoni kama mkufu.

"Umeangusha kitu?" Fundi aliuliza.

"Hapana."

"Unaumwa?"

"Hapana. Naangalia."

"Unaangalia nini huko chini, dada yangu? Ningekupasua kichwa."

"Naangalia duka hili linavyoonekana ukiwa na miaka mitatu."

Katika maisha yake Fundi alikuwa ameulizwa maswali mengi na wateja, lakini jibu la namna hii hakuwahi kupewa.

"Na linaonekanaje?" aliuliza mwishowe.

"Magunia na makalio ya watu. Hakuna kingine. Shuka uone mwenyewe."

Watu walikuwa wanatazama, muuza duka anakuja amekunja uso kwa ajili ya makopo yake. Fundi aliulaza ubao chini, akapiga magoti. Ilikuwa kweli. Vitu vyote vizuri vilikuwa juu, na huku chini kulikuwa na miguu, mifuko na giza la chini ya meza. Alicheka mpaka akakohoa.

Mwanamke alikuwa mwalimu wa chekechea. Alimweleza pale pale, wakiokota makopo pamoja, kwamba amepewa chumba kitupu akipange atakavyo kwa ajili ya watoto wadogo, na anatafuta fundi asiyependa kubishana.

"Mimi sibishani," alisema Fundi.

"Umeshanibishia mara tatu tangu nikuone."

"Sijakubishia hata mara moja."

"Ya nne hiyo," alisema Mwalimu, akamwomba namba ya simu.

*

Chumba kilikuwa stoo ya zamani ya shule. Kilinuka chokaa na karatasi zilizolowa, lakini kilikuwa na madirisha makubwa upande wa asubuhi na bomba la maji nje ya mlango. Fundi alifika na penseli sikioni, akapiga hesabu ya mbao kichwani kabla hata ya kusalimia.

"Madawati tuyaanzie wapi?"

"Hakuna madawati."

Alidhani hakusikia vizuri. "Sasa watoto watakaa wapi?"

"Watakaa wanapotaka. Kwenye mkeka, kwenye viti vidogo, chini. Mtoto wa umri huo hafikiri kwa kukaa, Fundi. Anafikiri kwa mikono."

"Basi hili si darasa. Ni soko."

"Afadhali soko. Sokoni kila mtu anajua alichofuata."

Akatoa chaki, akaanza kuchora sakafuni, anatembea kinyumenyume, gauni limeshikwa kwa mkono mmoja. Vitabu hapa, karibu na dirisha, mbali na kelele. Vibao vya kujengea kule, maana kazi ya vibao ni kuanguka. Maji na mchanga karibu na mlango, vikimwagika vifagiliwe nje. Njia kati ya pembe na pembe iwe na kona.

"Kwa nini isinyooke?" Fundi aliuliza. "Iliyonyooka ni nzuri zaidi."

"Mpe mtoto njia iliyonyooka uone kama hatakimbia."

Kisha akaja kwenye makabati. Alitaka yawe ya chini, yasizidi kifua cha mtoto, kona zake zimesuguliwa zikawa duara. Upande wa ukuta, chini kabisa, alitaka nafasi pana ya kuweka magodoro madogo ya kulalia mchana.

"Na yote bila milango," alisema.

"Kabati bila mlango?" Fundi alishtuka kweli. "Mwalimu, kabati bila mlango ni kama mtu aliyetoka bafuni bila taulo. Mafundi wenzangu wataniona mlevi."

Mwalimu alicheka, akaegemea ukuta, chokaa ikampaka begani. Alipoacha kucheka alimtazama usoni. "Sikiliza, Bwana Msumari. Mtoto aone kila kitu anachoruhusiwa kuchukua. Na mimi nimwone kila mtoto, popote nitakaposimama. Ukinivunjia hayo mawili umevunja chumba chote."

Fundi akasema ameelewa. Alielewa jinsi wanaume wanavyoelewa mwanamke mwenye sauti kama ile: aliisikia sauti.

Mwenye shule aliingia wakati huo. Alikuwa mama mtu mzima, mnene, aliyeianzisha shule ile sebuleni kwake na bado alitembea humo kama yuko sebuleni. Alitazama michoro ya chaki, akakunja uso.

"Muhula mmoja, Mwalimu," alisema. "Nimekuahidi muhula mmoja. Nikiona fujo, madawati yangu yako pale barazani, yananisubiri."

"Nimeelewa, Mama."

"Na huyu?"

"Ni fundi."

"Naona ni fundi. Nauliza mbona anacheka peke yake."

*

Mapenzi hayakuchukua muda. Fundi aliishi na dada yake mkubwa, fundi cherehani, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya karakana, na dada ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua.

"Kaka, leo umeranda mbao unaimba," alimwambia. "Tangu lini unaimba?"

"Mbao laini."

"Mbao au mwalimu?"

Alirudi kwenye randa yake, na hilo likatosha. Dada akajitolea kushona foronya za mito ya kukalia watoto, ili na yeye amwone huyo mwalimu kwa macho yake. Jumamosi moja Mwalimu akaja kwao kuleta vitambaa, akasifu kila kitu, hata chai ya dada.

Kila jioni simu ililia.

"Bwana Msumari, umekula?"

"Nimekula vumbi la mbao, Bi Vipimo wangu."

"Basi shiba. Kesho lete msasa mlaini. Ile kona ya rafu ya vitabu bado inakwaruza. Nimeipitishia shavu."

"Shavu lako?"

"Mashavu yao ndiyo yatakayopita hapo."

"Nitaisugua mpaka iwe laini kama hilo shavu lako."

"Kata simu, Msumari."

Fundi hakukata, wala Mwalimu hakukata. Kila mmoja alisikia mwenzake akipumua, kila mmoja akijifanya anashughulika na kitu kingine.

Kazi ilikwenda. Mwalimu aliwaomba kina mama walete watoto, akawasimamisha kwenye ubao mmoja mmoja na kuchora kimo chao kwa chaki, na Fundi akakata mbao kwa kufuata zile alama. Alikuwa hajawahi kutengeneza kiti kidogo namna ile. Alikiweka kwenye kiganja na kukizungusha. Mtu anayependa hutaka kutoa. Fundi hakuwa na maneno matamu mengi, na mashairi hakuyajua. Alichojua ni kwamba katika kazi yao mlango hufanywa mwisho, kwa mbao nzuri kuliko zote, na ndio unaomtambulisha fundi. Kumkabidhi mwanamke unayempenda kabati lisilo na mlango aliona ni kama kumpa zawadi uliyoinyima kitambaa cha kuifungia.

Siku mbili kabla ya shule kufunguliwa alimwomba Mwalimu asije chumbani. Jumapili mchana akamwita.

"Fumba macho."

"Msumari, mimi si mtoto."

"Fumba."

Alifumbua. Makabati yote yalikuwa na milango. Ilikuwa mbao nyekundu, imechongwa maua na ndege, imepakwa vanishi mpaka inang'aa kama maji. Hata nafasi pana ya magodoro ilikuwa na mlango wake, mkubwa na mzuri kuliko yote.

"Angalia hiki kitasa," Fundi alisema. "Cha springi. Unasukuma kwa kidole tu." Akasukuma. Tak. "Kimejifunga chenyewe."

Mwalimu alikitazama kitasa. Kilikuwa nje tu. Ndani hakikuwa na kitu cha kushika. Maneno yalimjaa mdomoni: toa, toa yote, leo hii. Akageuka kumwambia, akauona uso wake. Ulikuwa uso wa mtoto aliyekuletea mchoro wake wa kwanza. Mwalimu alikuwa amefundisha miaka mingi bila kuuvunja uso wa namna hiyo hata mara moja.

"Ni mizuri," alisema.

"Umeshtuka, eh?"

"Nimeshtuka," alisema, na hilo peke yake ndilo lilikuwa la kweli.

Alijiambia ataiacha wazi mchana kutwa. Alijiambia atamweleza wiki ijayo, polepole, siku nzuri. Fundi alimbusu kwenye paji la uso, kwa mara ya kwanza, na Mwalimu akafumba macho kwa hiari yake.

*

Shule ilifunguliwa. Chumba kilifanya kazi kuliko hata alivyotarajia. Waliokuja wanalia walinyamaza kabla ya kuvuka mkeka, maana kila mmoja aliona kitu kinachomwita. Mwenye shule alipita mlangoni, akasimama, akaondoka bila kusema neno, na kwake kimya kilikuwa sifa.

Alhamisi, baada ya uji wa saa nne, Mwalimu alihesabu watoto na mmoja hakuwepo.

Alikuwa msichana mdogo ambaye wenzake walimwita Paka, kwa sababu alipenda kujipenyeza kila mahali pembamba na kulala. Mwalimu alitazama pembe ya vitabu, akatazama chini ya meza ya maji. Akatoka barazani. Chooni hakuwepo. Hapo akaita watu.

Mlinzi alikimbia barabarani. Mpishi aliacha sufuria jikoni. Mwenye shule, na unene wake, alifika mwenyewe kwenye tangi la maji nyuma ya jengo na kuagiza lifunguliwe mbele yake. Mtu aliyelifungua alipochungulia ndani, wote walishika midomo. Maji tu.

Mwalimu alirudi chumbani. Mtoto mmoja wa kiume alikuwa kwenye vibao vyake, anajenga, hajali.

"Amelala," alisema yule mtoto. Alikuwa ameshalisema mara kadhaa asubuhi hiyo. Watu wazima walikuwa wanapiga kelele, hakuna aliyemsikia.

"Nani amelala?"

"Paka. Nimemfungia mlango asipigwe na jua."

Mwalimu hakumbuki alivyoufikia mlango. Kucha yake ilivunjika kwenye kitasa. Paka alikuwa amejikunja juu ya magodoro, nguo imelowa jasho chapachapa, midomo imekauka, shingo inalegea. Mwalimu alimvuta nje, akakimbia naye mpaka kwenye bomba, akammwagia maji kichwani. Kwa muda ambao hatausahau, mtoto hakufanya chochote. Kisha akakohoa, akafumbua jicho moja na kusema, "Maji baridi," kwa sauti ya kulalamika.

Mwalimu alikaa chini kwenye tope akiwa na gauni lake zuri, akamkumbatia.

*

Alimpigia Fundi mchana huo.

"Mbona sauti yako hivyo?" Fundi aliuliza.

"Paka alifungiwa kabatini. Lile la magodoro. Tumemtoa hana nguvu."

Bisibisi ilimtoka Fundi mkononi. "Yuko hai?"

"Yuko hai. Yuko hospitali na mama yake."

"Nakuja. Natoa milango yote sasa hivi."

"Usije."

"Nimeshabeba zana."

"Usije leo, usije kesho. Nilikwambia bila milango. Nilikwambia kwa mdomo wangu."

"Ulinambia," alisema Fundi taratibu. "Lakini uliiona. Ukasema ni mizuri."

Fundi alisikia pumzi tu, ile ile aliyokuwa akiisikiliza jioni zote.

"Usinipigie tena," alisema Mwalimu, akakata.

Alikwenda hata hivyo, na zana begani. Mlinzi, mtu waliyekuwa wakitaniana kila siku, alisimama katikati ya geti.

"Fundi, nisamehe. Nimeambiwa usiingie."

"Na nani? Mwenye shule?"

"Na Mwalimu mwenyewe."

Fundi aligeuka. Usiku huo dada yake alimwekea chakula, yeye akakitazama mpaka kikapoa. Kila alipofumba macho alisikia kile kitasa alichokichagua mwenyewe, tak, kikijifunga.

Kesho yake dada alipeleka foronya za mwisho shuleni, akarudi amepigwa na butwaa. Alikaa kwenye kiti cha cherehani bila kuvua kanga ya kichwani.

"Kaka, yule mwanamke amekukasirikia kweli?"

"Si amenifukuza getini?"

"Basi mimi sielewi. Nilikuwa nje ya ofisi, wao wako ndani. Amemwambia mwenye shule kwamba kabati limetengenezwa kama alivyoagiza yeye, milango na vitasa. Anasema fundi alifuata maagizo tu, kosa lote ni lake. Kesho wazazi wanakutana. Madawati nimeyakuta barazani yanapanguswa."

"Amesema aliagiza milango?"

"Kwa masikio yangu haya."

Fundi alishika kichwa. Alikuwa amejiandaa kuchukiwa. Kufichiwa kosa na mtu uliyemwangusha hakukuwa na dawa anayoijua.

*

Wazazi walikutana ndani ya chumba chenyewe, wamekaa kwenye viti vidogo, magoti yamewafika kidevuni. Hakuna aliyecheka. Mama yake Paka alikaa mbele. Alikuwa muuguzi, amekuja na sare yake akitokea zamu. Mwalimu alisimama kando ya rafu ya vitabu, amevaa gauni jeusi lisilo na pambo, macho yamevimba.

Mwenye shule alikuwa ameanza kusema kuhusu madawati mlango ulipofunguliwa. Fundi aliingia; safari hii mlinzi alimpisha. Alivaa shati la samawati ambalo dada yake alilipiga pasi mpaka mikunjo ikawa kama visu. Mwalimu alimwona, akashika ukingo wa rafu.

"Mama, naomba nafasi," Fundi alimwambia mwenye shule. "Milango hii ni yangu. Mwalimu aliniambia nisiweke. Niliiweka bila yeye kujua. Hakuiona mpaka shule ilipofunguliwa, na hapo alikuwa amechelewa. Kama kuna mtu wa kulaumiwa, nipo."

Chumba kilinguruma.

"Uliiweka kwa nini, kama uliambiwa usiweke?" mama yake Paka aliuliza. Hakuinua sauti.

Fundi alimeza mate. "Nilitaka kumpa zawadi."

"Zawadi ya nini?"

"Nampenda."

Baba mmoja aliguna, mwanamke mmoja akasema "ala." Masikio ya Fundi yalikuwa yanawaka. Ndipo Mwalimu aliposogea mbele.

"Anadanganya," alisema.

Wote wakageuka. Fundi alitikisa kichwa kumzuia, lakini Mwalimu hakumtazama yeye, alimtazama muuguzi.

"Milango niliiona Jumapili. Nilisimama hapa. Kitasa nilikiona, nikaona kwamba ndani hakina pa kushika. Nilijua ni hatari, sikukosea, sikusahau. Kazi yangu ni kumwona kila mtoto, na nilijua mlango ule utanizuia. Nikasema ni mizuri. Nilisema hivyo kwa sababu yeye alikuwa amefurahi na mimi sikutaka aache kufurahi. Kisha nikamwongopea na mwenye shule kwamba niliiagiza. Na huyu hapa nikamfukuza getini, kana kwamba yeye peke yake ndiye aliyemfungia mtoto."

Fundi alimtazama kana kwamba amemwagiwa maji ya barafu. Wiki nzima aliamini kwamba siku ile alimfurahisha. Wiki nzima aliamini kwamba Mwalimu aliiona ile milango akaipenda, na kwamba hatari ile haikuonekana na yeyote.

"Ulijua?" alimuuliza mbele ya watu wote.

"Nilijua."

Mwenye shule aliweka mikono mapajani. "Sasa nimeelewa," alisema. "Huyu anamsitiri yule, yule anamsitiri huyu, kila mtu anatunza uso wa mwenzake. Na watoto wa watu wako kabatini."

Muuguzi ndiye aliyesema.

"Mimi kazini nawaona watoto waliochelewa kutolewa mahali kama pale. Tangu juzi natafuta mtu mmoja tu aniambie ilikuwaje. Wote mliniambia pole. Leo ndiyo nimeambiwa." Akasimama, mikono imekunjwa. "Milango itoke sasa, niione kwa macho yangu. Mwanangu analia nyumbani anataka mchanga wake na yale maji. Simrudishi kukaa kwenye dawati. Namrudisha chumba kikiwa vile Mwalimu alivyokisema kabla ya kupenda."

Fundi alifungua skrubu moja baada ya nyingine, wazazi wamesimama wanatazama. Ndege na maua yake yakalazwa barazani, juu ya madawati.

Mwenye shule alingoja mpaka wa mwisho ukatoka. "Chumba kinabaki," alisema. "Hakuna atakayekipanga upya. Mwalimu, wewe unaondoka."

Mwalimu alifungua mdomo. Alikuwa amejiandaa kupoteza chumba na kubaki na kazi, au kupoteza vyote viwili. Kwamba chumba kiishi bila yeye, hilo hakuwa amelifikiria. Aliinamisha kichwa, akachukua mkoba wake, akatoka.

*

Fundi alimkuta kando ya barabara, kwenye kivuli cha ukuta wa shule. Magari yalikuwa yanapita, vumbi linamwingia Mwalimu kwenye viatu.

"Siku mbili umeniacha nijione muuaji," Fundi alisema.

"Najua."

"Sikulala."

"Najua. Na mimi sikulala." Alifuta pua kwa kiganja kama mtoto. "Amenifukuza. Chumba changu mwenyewe. Niambie hajafanya sawa."

Fundi alifikiri. Zamani, yaani Jumatano iliyopita, angesema lolote ili amtulize.

"Amefanya sawa," alisema.

Mwalimu alimgeukia, macho yamemtoka.

"Ningekuwa na mtoto pale ningetaka uondoke," Fundi aliendelea. "Ningetaka na mimi nisionekane hapo tena. Mwakani sijui. Leo amefanya sawa."

Hasira ilipanda usoni mwa Mwalimu, ikashuka, na baada yake kikaja kitu kingine, kama mtu aliyetua mzigo na anashangaa mabega yalivyo mepesi.

"Hakuna aliyewahi kunijibu hivyo," alisema.

"Mimi mwenyewe nimeshtuka."

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyelia. Fundi aliona hatapata saa nyingine ya ujasiri kama ile.

"Nataka kukuoa."

"Hapana."

Fundi alirudi nyuma nusu hatua, karibu aingie barabarani. Mwalimu alimvuta kwa mkono wa shati.

"Sikia kwanza. Nikikujibu leo nitasema ndiyo, na nitakuwa nimesema kwa ajili ya huo uso wako. Unaona ulivyo sasa hivi? Siwezi tena kujibu uso. Niulize siku nimekasirika."

"Nitajuaje umekasirika?"

"Nipigie. Nitakwambia."

Alipiga Jumapili, akaambiwa hajakasirika, ana huzuni tu. Alipiga Jumatatu, akaambiwa analala. Jumatano mchana alipiga akiwa karakanani, simu ameiweka juu ya meza ya kazi, sauti imefunguliwa, mikono imejaa gundi.

"Vipi, Bi Vipimo? Umekasirika?"

"Sana."

"Nani kakuudhi?"

"Mama mdogo. Anasema mwalimu aliyefukuzwa ni kama chungu kilichotoboka. Na kiatu kimenikatikia njiani. Na wewe unapiga wakati wa chakula."

"Basi ndiyo nakuuliza. Utakubali nikuoe?"

Fundi alisikia sufuria ikigongwa upande wa pili.

"Nakubali," alisema Mwalimu, bado kwa hasira. "Lakini siingii kwenye nyumba hiyo kabla sijakwambia yote. Ile siku nilipokuja kwenu nikasifu kila kitu, nilidanganya."

Fundi aliganda, brashi ya gundi hewani. "Ulidanganya nini?"

"Ile meza yako ya sebuleni inapiga kila mtu gotini. Chumba chako kina giza kama pango. Na chai ya dada yako si chai, ni maji ya moto yaliyopakwa rangi."

Fundi aligeuka. Dada yake alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi, amesikia neno kwa neno, mdomo wazi. Aliitazama chai. Akaonja. Akakunja uso, akaimwaga nje, kisha akavuta kigoda na kukaa karibu na simu.

"Mwambie aendelee," alisema. "Kingine ni kipi?"